Mstari wa Kwenye Kisiki

Jumamosi asubuhi, dada wawili waliosha vyombo uani, mkubwa akisugua, mdogo akisuuza. Mkubwa aliitwa Umeme, kwa sababu alimaliza kila kazi kabla hujapepesa macho. Mdogo aliitwa Kobe, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Hicho kikombe unakisuuza au unakiogesha?" Umeme alitania.

"Bado kina povu," Kobe akajibu bila haraka.

Siku hiyo walikuwa na safari. Shangazi yao, fundi seremala, alikuwa na shamba la miti nje ya mji. Miezi michache nyuma, mvua zilipoanza, walikwenda wote pamoja na mama yao kupanda miche mahali alipokata miti mizee. Kila mtoto alipewa mstari wake, na Umeme alimaliza kwanza. Shangazi alimsifu mbele ya mama, kisha akamsifu tena mbele ya majirani. Sasa walirudi kuona miche inaendeleaje.

Shangazi alitangulia na panga, akifyeka nyasi huku akiongea na miti yake kama watu wa nyumbani. "Wewe utakuwa mlango. Na wewe, kwa shingo hiyo, labda mpini wa jembe."

Kobe alicheka mpaka akajikwaa. Umeme aliburuza miguu nyuma yao.

Walipofika, mstari mmoja ulikuwa umesimama wima, majani yakimetameta. Wa pili, ulioanzia kwenye kisiki kilichoungua, ulikuwa wa manjano. Miche mingine ilikuwa imekauka kabisa.

"Ni mchwa?" mama aliuliza.

Shangazi alichuchumaa, akautikisa mche mmoja. Ukachezacheza. "Si mchwa. Huu haujashika ardhini. Umepandwa ovyo." Akageuka. "Kobe, mstari huu ni wako?"

Kobe alitazama huku na huku. "Sijui, shangazi. Nyasi zimeota kila mahali. Labda ni wangu."

"Ni wako tu. Dada yako hawezi kupanda hivi. Mvua zijazo utabaki nyumbani mpaka ukue."

Kobe hakubisha. Alipiga magoti, akaanza kurudishia udongo kwenye shina kwa vidole vyake. "Pole," aliuambia ule mche. "Nilidhani nimekupanda vizuri."

Uso wa Umeme ukawaka moto. Alikijua vizuri kisiki kile. Siku ya kupanda, shangazi aliwaonyesha namna ya kuchana kiriba, ule mfuko mweusi wa plastiki unaobeba mche, na kukitoa kabla ya kufukia. Lakini viriba vilikuwa vigumu na kucha zilimuuma. Basi alitumbukiza kila mche na mfuko wake, akafukia, akashindilia kwa kisigino. Shangazi alipouliza viriba vitupu viko wapi, alionyesha rundo la Kobe.

Angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Lakini lile neno "pole" lilimrudia masikioni.

"Shangazi," sauti ilimtoka nyembamba, "mstari huu ni wangu."

"Acha kumtetea mdogo wako."

"Simtetei." Umeme alichimba kwa mikono, akaung'oa mche. Ulitoka na mfuko wake mweusi, mizizi imejiviringa ndani kama uzi uliosokotana.

Umeme alisubiri kugombezwa. Alitamani agombezwe. Badala yake, shangazi alimgeukia Kobe. "Nisamehe, mwanangu. Nimekulaumu bure."

Hapo ndipo Umeme alipolia, maana samahani ile ilipaswa kutoka kinywani mwake kwanza.

Kobe alimtazama kwa mshangao. "Dada, kumbe siku ile hukumaliza?"

Umeme alitikisa kichwa. "Sikumaliza. Nisamehe, mdogo wangu."

Mchana wote waliifanya kazi ile upya. Umeme alichana viriba, shangazi akakata mizizi iliyojikunja, mama akachimba, na Kobe akaishikilia miche isiegemee upande. Kila walipofikia mche uliokufa, Umeme aliinamisha kichwa.

"Leo umeme umekatika," Kobe alinong'ona. Umeme alicheka huku machozi hayajakauka.

Walipoketi kupumzika, shangazi alikung'uta udongo magotini, akamgeukia Umeme. "Mimi ungeweza kunidanganya mwaka mzima, mwanangu, maana nilipenda kukusifu. Mti hausikii sifa. Kazi uliyoificha ardhini huonekana kwenye majani, na lawama inaweza kumwangukia asiye na kosa. Ukikosea, sema mapema, kungali na mche wa kuokoa. Leo umechelewa, lakini umesema. Mvua zijazo mtakuja wote wawili."

Jioni, uani, Umeme aliinua kikombe alichokwisha kukisugua, akakiangalia ndani. Bado kilikuwa na doa la chai. Akakirudisha kwenye maji.