Jina Lililoitwa Uwanjani Ruangwa

Maji ya kupikia yalikuwa yamebaki kwenye kitako cha ndoo, na jua lilikuwa linazama nyuma ya ghala la korosho tulilopewa tulale. Nikajifunga kanga ya pili, nikaenda bombani. Hilo tu. Mpishi kaenda kuchota maji.

Nilikuwa Ruangwa, mwaka 2002, na vijana wa Nachingwea wanaocheza raga. Usicheke. Mimi nilishacheka zamani nikamaliza. Mwalimu Rogath alihamishiwa kwetu kutoka Arusha, akaja na mpira umechongoka huku na huku kama papai, akawakusanya vijana wenye mabega. Akawaambia huu haupigwi teke ovyo, unakumbatiwa na kukimbizwa nao, na atakayekuzuia anakukumba hadi chini. Wake za watu walikuwa wanakuja kutazama, wanasema wameleta kuni kuuza. Kuni gani, mtu kakaa na mzigo ule ule tangu saa tisa.

Mjukuu wangu Kornel alikuwa wa kwanza kujitokeza. Mrefu yule, nyumba yetu ya Mnero aliingia kwa kuinama. Mama yake alifariki yeye bado ananyonya, nikamlea mimi. Tukiitana, tunaitana mume wangu, mke wangu, kama bibi na mjukuu wanavyotaniana kwetu. Sikuwa na mwingine.

Nilisafiri nao kwa sababu moja. Timu ikienda ugenini haili chakula cha mwenyeji. Hata maji yaliyokaa kwa mwenyeji hainywi. Watu wa mpira wanaita hiyo kamati ya ufundi, mimi naita akili. Basi kila safari tulipanda lori na sufuria zetu, unga wetu, chumvi yetu, na mimi juu ya magunia nawahesabia wachumba wao.

Chumvi tuliilinda. Maji tuliyalinda. Midomo yao wenyewe hakuna aliyeilinda.

Ngoja nieleze. Katika raga mpira ukitoka nje, timu mbili zinapanga mistari, mmoja anaurusha katikati, na wenzake wanamnyanyua mtu juu kama anayetungua mzinga wa nyuki. Kabla ya kurusha, mrushaji anapiga kelele neno la siri, la kuwajulisha wenzake nani ananyanyuliwa. Vijana wa Nachingwea walikuwa wakitumia namba, Ruangwa wakazishtukia. Mwalimu Rogath akawaza. Akasikia vijana wanataniana kwamba kila mmoja ana jina la utotoni ambalo halitajwi. Akafurahi.

"Tumieni hayo," akasema. "Nani atayabahatisha?"

Mtu wa Arusha, hakujua. Lakini wao walijua, wakacheka tu, ujana huo.

Kwetu mtoto wa kiume akienda jando anatoka na jina jipya. Lile la zamani linaachwa kule kule porini, na nguo alizoingia nazo zinachomwa moto. Halirudi nyumbani. Hata mama mzazi halitamki tena. Ukimwita nalo mtu mzima umemtukana, na zamani ulitozwa kuku. Kornel ndilo alilotoka nalo. La kwanza siliandiki hapa. Wewe soma tu, usiniulize.

Na kwa kuwa yeye ndiye mrefu, yeye ndiye aliyenyanyuliwa sana. Swalehe, mrushaji wao, alilitaja jina lile kwa kelele mchana kutwa, mbele ya watu wote. Safari ya kwanza. Safari ya pili.

Hii ilikuwa ya tatu.

Basi nikafika bombani. Hapakuwa na mtu. Upande wa pili palikuwa na mikorosho, maua yamechanua, harufu yake tamu mpaka inakera. Nikaanza kupampu. Bomba likalia ngwee... ngwee...

Nikasikia mtu anabembeleza mtoto.

Chini ya mikorosho alisimama mwanamke, kanipa mgongo. Nilimjua. Alikuwa anauza karanga za kukaanga pembeni mwa uwanja kila mechi, na mgongoni kabeba mtoto kwa mbeleko, kamfunika gubigubi kwa kitenge cheusi. Jua kali, mtoto kafunikwa. Nilikuwa nimeshamsema kwa kila mtu, kwamba mama gani huyu.

Safari ya kwanza mzigo ule ulikuwa mdogo kama wa mtoto wa wiki. Sasa miguu ilikuwa inaning'inia hadi kwenye magoti ya yule mwanamke. Miguu ya mtoto wa kwenda shule.

Akajitikisa. Akaita, polepole, kama anayeonja chumvi.

Akaita jina la mjukuu wangu. Lile.

Na ndani ya mbeleko...

"Naam."

Sauti niliijua. Ilikuwa na mkwaruzo, kwa sababu Kornel akiwa mdogo alikohoa mwaka mzima. Nilikesha na sauti ile. Siwezi kuikosea.

Ndoo niliiacha pale pale.

Ghalani nilimkuta Kornel amekaa chini, miguu kainyoosha mbele, anachora vumbi kwa kidole. Wenzake walikuwa wanabishana juu ya mechi.

"Kornel."

Kimya.

"Kornel, mume wangu."

Akainua uso taratibu. Alinitazama kama mtoto anavyomtazama mgeni, anayepima kama atalia au hatalia.

"Bibi," akasema Swalehe, "huyo siku hizi mpaka umguse. Tunadhani kapigwa kichwani."

"Kapigwa na nani?"

"Ndiyo hatujui. Hata mpira wenyewe anaukumbatia halafu hataki kuutoa."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Tuliporudi Mnero mambo yakawa wazi. Kijana wa miaka kumi na tisa, mabega kama mlango, aliniomba nimmegee tonge. Usiku alilala kwenye mkeka wangu, miguuni, kajikunja. Asubuhi mkeka ulikuwa umelowa. Niliuanika nyuma ya nyumba, jirani yangu Lusiana asiuone, maana mdomo wa Lusiana naujua, ni kama wangu. Nilimwita Kornel mara nne ndipo akageuka.

Nikaenda kwa Mzee Kaimu. Yeye ndiye aliyewasimamia vijana wetu jandoni mwaka ule. Nilimkuta anafungia kuku wake. Mambo ya jando mwanamke hayaulizi, na mimi sikuuliza. Nilisimulia tu, nikanyamaza.

Akaufunga mlango wa banda, akausukuma kuhakikisha.

"Shemeji," akasema, "wamelitaja wapi?"

"Uwanjani. Ruangwa. Kwa kelele."

"Yeye ameitika?"

"Akiitwa anaruka tu."

"Kwa mdomo, nakuuliza. Ameitika?"

"Bado."

Akapumua. Akainama karibu na sikio langu, hali ya kuwa tulikuwa wawili tu na kuku.

"Lile jina tuliliacha porini na utoto wake wote. Sasa wamelitoa, na limepata mlezi. Yule wa mgongoni ameshaitika. Kornel naye akiitika kwa mdomo wake, basi. Mtabaki na mwili wa kulisha. Mwenyewe ataondoka na yule mwanamke."

"Ni nani yule?"

"Sijui. Na wewe usimtafute."

Nilimwambia Mwalimu Rogath. Alinisikiliza kwa heshima, shikamoo na kiti juu, lakini macho yake yalikuwa yananionea huruma.

"Bibi Dionisia, Kornel amechoka tu. Nikimwacha nyumbani mechi ya mwisho vijana watavunjika moyo."

"Basi majina yale yaishe."

"Yataisha. Tutatumia mboga. Bamia, mchicha, kisamvu. Umeridhika?"

Sikuridhika. Nilitaka kumfungia Kornel ndani, lakini siku ya safari nilimkuta ameshapanda lori, kakaa kule mbele, anatazama upande wa Ruangwa. Nikapanda na mimi.

Njiani lori lilipasuka tairi. Tulifika jua limelegea, na mechi ikaanza watu wanaanza kutupa vivuli virefu. Nilisimama pembeni na mwiko wangu mkononi, namtafuta muuza karanga. Simuoni. Nikasema labda Mungu kasikia.

Swalehe alitimiza ahadi ya Mwalimu. "Mchicha!" akapiga kelele, wakanyanyuliwa wengine. "Bamia!" Watu wa Ruangwa wakawa wanaitikia kwa kicheko, mmoja akauliza ugali uko wapi. Mechi ikasonga. Giza likaanza kuingia, mwamuzi akawa anatazama saa.

Nikasikia harufu ya karanga.

Nyuma yangu.

Sikugeuka. Nilisikia kitu kizito kinaburuzwa kwenye vumbi, hatua moja, kinaburuzwa, hatua moja. Akanipita. Alikuwa amepinda mgongo mpaka kichwa kinakaribia magoti. Mzigo aliobeba ulikuwa mrefu kuliko yeye. Nyayo za aliyebebwa zilichora mistari miwili ardhini. Nyayo kubwa. Nyayo za mtu anayeingia nyumbani kwa kuinama.

Alikwenda akasimama pale pale mpira ulipotoka nje.

Mistari ikapangwa. Swalehe akainua mpira. "Kisamvu!" Kornel akanyanyuliwa juu, mikono imenyooka, juu ya vichwa vya wote. Mpira ukaja. Hakuutazama. Aligeuza uso wake kwa yule mwanamke.

Na yule mwanamke akaita.

Hakupaza sauti. Lakini nililisikia jina lile kama limeniingia kupitia meno. Nikaona midomo ya mjukuu wangu inafunguka. Inafunguka kwa furaha, nakwambia, kama mtoto aliyeitwa kula.

Mwanamke huitika abee. Hata msichana mdogo anajua.

"Naam!" nikaitika mimi.

Uwanja mzima ukageuka. Ajuza na mwiko, anaitika kama mvulana. Vicheko vikalipuka huko. Mimi nikaitika tena, naam, na tena, naam, nimwahi, pumzi yake isipate nafasi. Kornel akaangushwa chini kama gunia, na mpira ukamwangukia kifuani.

Yule mwanamke alinigeukia taratibu. Uso wake ulikuwa wa kawaida tu. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Uso wa mama yeyote sokoni. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayekadiria kilo. Mbeleko ikalegea. Ikawa kitambaa kitupu.

Akaokota sinia lake la karanga, akaondoka kuelekea kwenye mikorosho akiwa amenyooka kabisa.

Nikakimbia uwanjani. Mwamuzi alinifukuza, nikamwonyesha mwiko. Kornel alikuwa amekaa, damu puani, anapepesa macho.

"Mke wangu," akasema kwa sauti yake nzito, "unatafuta nini huku? Unanitia aibu."

Nililia mpaka kamasi.

Jioni ile, wakati nasonga ugali, wanawake wa Ruangwa walikuja kunitazama, maana tayari nilikuwa habari ya mji. Nikawauliza juu ya muuza karanga, nyumba yake ni ipi. Wakatazamana. Mmoja, Getruda jina lake, akaniambia, "Wa huku? Yule si wenu? Kila mnapokuja tunamwona anashuka kwenye lori lenu. Anakaa kule nyuma, karibu na wewe."

Raga yenyewe ilikufa mwaka uliofuata. Mwalimu Rogath alirudi kwao. Kornel akaoa, akamwoa Happy wa Mbwemkuru, msichana anayeongea mpaka usingizini, nikampenda. Ni fundi wa pikipiki, ana mji wake, na ukimwita mara moja tu anageuka. Hakumbuki kitu. Nikimchokoza juu ya mkeka anasema bibi amezeeka.

Kuzeeka ni kweli. Lakini kuna mengine. Mwaka juzi Happy alipiga simu, nikapokea, akasema, "Mtoto, mpe bibi simu." Nikadhani utani. Akarudia. Siku hizi kanga moja inanizunguka mara mbili na zaidi, na kiti changu naona kimepanda, miguu haifiki chini. Lusiana anasema ni ugonjwa. Anawaambia na wengine.

Na kila magharibi naitwa, kwa jina lile lile. Sauti inatoka upande wa barabara ya Ruangwa, polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Naitika haraka, kwa sauti ndogo, niko jikoni au niko msalani, popote. Nimeshazoea, na mwingine haisikii. Akiniita mimi hamwiti mwingine, ndivyo nilivyokuwa najipa moyo.

Wiki hii Kornel ameniletea binti yake, Catherine, akae nami likizo. Jana tulikuwa tunakula, taa ya chemli katikati yetu. Nikaitwa. Nikafunika mdomo kwa kanga, nikaitika.

Catherine akaacha tonge hewani. Akageukia mlangoni.

"Bibi," akanong'ona, "nani anaitwa?"

"Mimi," nikamwambia. "Wewe kula."

Akala. Lakini sikio lake lilibaki mlangoni.