Wi-Fi ya Stendi ya Newala

Rafiki yangu Naima aliishiwa bando siku ambayo binti yake Zena alikuwa akipasuliwa Dar. Jioni, ukungu ukishuka, alikimbilia mgahawa wa Ladislaus pale stendi, wenye Wi-Fi ya bure kwa wanywa chai. Simu ikaonyesha imeunganishwa, ila intaneti hakuna.

“Shikamoo, Mama Zena,” Ladislaus akamwamkia. “Ifute hiyo Wi-Fi kwenye simu, kisha ujiunge upya.”

“Marahaba. Nimefuta mpaka kidole kinauma, baba. Mwanangu yuko chini ya kisu!”

Newala yote ilimwita Mama Zena. Kifungua mimba wake, Majaliwa, alizikwa Chiwata akiwa mchanga, na tangu hapo hakuna aliyemwita mama kwa jina lile.

“Basi niizime, niiwashe,” Ladislaus akasema, akachomoa waya wa ruta ya Wi-Fi.

Papo hapo umeme ukakatika stendi nzima. Friji ikanyamaza. Katika giza lile simu ikalia mkononi mwa Naima.

“Imeshika!”

“Haiwezi, mama. Waya ninao mimi.”

Kwenye kioo ulikuwa umefunguka ukurasa wa kujiunga na Wi-Fi ya mgahawa, na mstari mmoja tu:

“Karibu, Mama Majaliwa. Zena ameshafika.”