Gitaa Alilolitengeneza Koleo

Kila siku baada ya masomo, Koleo alipita dukani kwa shangazi yake, fundi wa redio, akavua sweta la shule na kuketi kwenye meza ya kulehemu. Jina hilo wenzake walimbandika kwa sababu hakosi koleo mfukoni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa wiki sita sasa alikuwa akitengeneza gitaa la umeme la bendi ya shule.

Mwili wa gitaa aliuchonga kwa ubao wa kitanda kilichovunjika. Chini ya nyuzi aliweka sumaku alizozizungushia waya mwembamba kama unywele. Amplifaya, yaani kikuza sauti, aliiunda ndani ya kabati dogo la chuma lenye swichi tatu: moja ya sauti laini, moja ya sauti nzito, na moja ya kukwaruza. Gitaa moja lingetosha nyimbo zote.

"Bado huu," shangazi alisema, akigusa waya wa kijani. "Huu ni ethi. Umeme ukivuja, waya huu unaupeleka ardhini. Usipoufunga, umeme utafika mpaka kwenye nyuzi. Usiiwashe kabla sijaikagua, mwanangu."

Siku ya mazoezi ya mwisho, shangazi alikuwa amesafiri. Waya wa kijani ulikuwa mfupi, haukufika kwenye skrubu ya kabati. Koleo alimkumbuka mpiga ngoma, kiongozi wa bendi, aliyemwambia mbele ya darasa zima, "Tumeomba gitaa, wewe unatuletea kitanda!" Darasa likaangua kicheko. Hakutaka kuchekwa tena kwamba kazi haijaisha. Aliukata ule waya, akalifunga kabati.

Ukumbini alimkabidhi gitaa Chiriku, mwimbaji wa bendi na rafiki yake wa pekee.

"Shangazi amelikagua?" Chiriku aliuliza.

"Amelikagua," Koleo alijibu bila kupepesa macho.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri ajabu. Katika wa pili, Chiriku alisogeza mdomo ukagusa maikrofoni huku mkono ukiwa kwenye nyuzi. Mwili ulimkakamaa, akaanza kutetemeka.

"Mwoneni anavyocheza!" mpiga ngoma alipiga kelele, akaongeza kasi ya mapigo. Bendi nzima ilicheka. Koleo peke yake ndiye aliyeelewa: umeme wa nyuzi ulikuwa ukipita mwilini mwa Chiriku kuelekea kwenye maikrofoni. Alikimbilia ukutani, akang'oa plagi. Chiriku alianguka kama gunia. Midomo yake ilikuwa imeungua, na nyuzi zilikuwa zimemchora mistari myekundu kiganjani.

Kesho yake, Chiriku akiwa hospitali, mwalimu wa muziki alimwita mtunza shule ukumbini, mbele ya Koleo na bendi.

"Soketi ni kazi yako. Mtoto nusura afe. Rudisha funguo, uende zako."

"Nyamaza," mpiga ngoma alimnong'oneza Koleo. "Akifukuzwa yeye, sisi tumepona."

Mtunza shule alianza kuchomoa funguo kwenye pete, moja moja. Koleo alisogea mbele.

"Mwalimu, soketi ni nzima. Ni mimi. Nilikata waya wa ethi, nikadanganya kwamba shangazi amekagua."

Mtunza shule aliachiwa funguo zake, lakini hakuna aliyemwomba radhi. Mpiga ngoma alilitupa gitaa miguuni pa Koleo. "Toka na kitanda chako!"

Jioni Koleo alikwenda hospitali. Chiriku alikuwa amefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Nilikuuliza," alisema kwa shida. "Nilikuuliza, nawe ukanitazama machoni." Akageukia ukutani.

Shangazi aliporudi na kusikia yote, hakumgombeza. Alilifungua kabati, akampa Koleo waya mpya, mrefu. Koleo aliufunga, akapima kwa mita mara tatu. Safari hii hapakuwa na umeme kwenye nyuzi.

"Sasa ni salama," shangazi alisema. "Lipeleke gitaa shuleni, atakayelipiga alipige."

"Chiriku je, shangazi? Atanisamehe?"

"Sijui. Daktari anasema vidole viwili huenda visikunjike tena." Shangazi alimtazama bila kumwonea huruma. "Ungesema kazi haijaisha, wangekucheka siku moja, basi. Ulipokiri ulimwokoa mtunza shule, na ulifanya vyema. Lakini rafiki yako alikuuliza kabla ya kuligusa gitaa. Wakati ule ndio aliouhitaji ukweli wako."