Betri za Mzee Wembe

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Afande alisukuma mlango wa chumba cha baba yake akakuta mto umeloa damu. Mwenye mto alikuwa ameketi kitandani, taulo mdomoni, na taulo lenyewe lilikwisha badilika rangi.

"Usianze," baba yake akasema kwa ulimi mzito. "Ni meno tu."

Afande, bintiye, alikuwa mpelelezi wa polisi. Jina hilo alipewa na baba huyuhuyu kwa utani, siku ya kwanza alipovaa sare, likamganda mpaka nyumbani. Damu alikwisha iona ya kila namna. Lakini damu ya watu ni kazi, ya baba ni ya baba, naye akapaza sauti kumwita mwenye nyumba ya wageni waliyofikia.

Mzee alikuwa kinyozi mstaafu. Mtaani kwao walimwita Mzee Wembe, kwa sababu miaka nenda miaka rudi alinyoa kwa wembe tu, na mashine ya kunyolea aliiita kitu cha wavivu. Safari hii ya kuja nchi ya jirani kung'oa meno mawili ilikuwa yake mwanzo mwisho. Daktari wa meno wa kwao, aliyemjua hadi mizizi, alikuwa mtaa wa pili tu, lakini mzee alimkataa ghafla akidai ana maswali mengi kuliko Afande mwenyewe. Huku bei nafuu, foleni hakuna, na wakala mmoja anayeitwa Mwenyeji huwapokea wagonjwa stendi na kuwafikisha mpaka kitini. Afande hakubishana. Alikuwa na lake kichwani: alikuwa amepewa wadhifa mkubwa katika kituo cha mbali, jibu lilitakiwa wiki hiyo, na tangu mama yake afie mikononi mwake hakuwa na hakika kama anaweza kumwacha mzee peke yake.

Kliniki ilikuwa ng'ambo ya barabara. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye mikono mitulivu, alimlaza mzee kwenye kiti, akasafisha, akashona, akamng'atisha shashi. Damu ikapungua, ila haikukoma. Ilizidi kuchuruzika pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, bila haraka na bila aibu.

"Hii si damu ya jino peke yake," daktari akasema. "Kuna kitu mwilini kinaizuia isigande. Anatumia dawa gani?"

"Hakuna," Afande akajibu. "Ulimuuliza jana, nami nimeketi hapa hapa. Alikwambia hana ugonjwa wowote."

Daktari akamgeukia mzee. Mzee, shashi mdomoni, akatikisa kichwa kukataa.

"Basi tuna shida. Dawa ya kuigandisha ninayo, lakini siwezi kuitoa gizani. Nikikosea, damu itaganda pasipotakiwa, na nitakuwa nimemuua kwa mkono mwingine. Nahitaji kujua kilichomo mwilini mwake, na nijue mapema."

Kwa Afande, maneno hayo yalikuwa na maana moja: kuna mtu amempa baba yake kitu. Akaanza na aliye karibu.

"Na vyombo vyako, daktari?"

"Uliniona nikifungua pakiti mbele yako. Wewe ndiye uliyeng'ang'ania nifanye hivyo. Na vyombo vichafu huleta usaha siku za baadaye. Haviwezi kufanya damu ikatae kuganda."

Lilikuwa jibu la kweli, na Afande aliyaona yote hayo kwa macho yake. Akamwacha mzee mikononi mwake, akavuka barabara.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa akiloweka foronya ile, machozi yanamlengalenga.

"Jioni ulimpa nini?"

"Uji uliopoa, mwanangu, na mboga za majani nimezisaga laini kabisa. Uji akamaliza. Mboga akala kijiko kimoja, akasukuma bakuli. Ati zake ni za kipimo, zikizidi zinamharibia."

"Baba yangu? Baba yangu angeweza kula bustani nzima."

"Ndivyo alivyosema. Na kidonge kimoja cha maumivu, kile alichoandikiwa na daktari. Ganda lake hilo kwenye pipa."

Afande aliliinua ganda, akalisoma, akalirudisha. Mama wa watu hakuwa na kosa zaidi ya huruma.

Akabaki Mwenyeji. Na huyu, Afande alimshuku tangu jana, kwani alimwona ngazini akimchomekea mzee kipakiti, na mzee akakitia mfukoni upesi kama mwanafunzi aliyefumwa na peremende. Alimkuta mlangoni, jasho linamtoka na jua bado halijapanda.

"Ulimpa nini baba yangu jana?"

"Afande, mimi ni mtu mwenye familia yangu..."

"Sijakuuliza ukoo."

"Mzee alinisihi nisikwambie."

"Mzee anavuja damu."

Mwenyeji akatazama viatu vyake. "Betri. Betri mbili za mashine yake ya kunyolea. Alisema ukijua utamcheka mpaka kwenu."

Siku nyingine Afande angecheka kweli. Sasa aliketi kwenye ngazi, akawaza. Kinyozi mstaafu huacha wembe mkono ukianza kutetemeka. Lakini mkono wa mzee haukutetemeka; juzi tu alimshonea Afande kifungo, akatunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, bila miwani. Basi hakuogopa mkono. Aliogopa kujikata. Na mboga amewekewa kipimo, na mzee amemkimbia daktari wa meno wa kwao kwa sababu ya maswali yake. Aliyempa dawa hakuwa mtu wa nchi hii.

Akapanda chumbani, akafungua kijaluba cha mashine. Chini ya mashine kulikuwa na vidonge vidogo kwenye ganda lake, nusu vimekwisha tolewa.

Aliporudi kliniki alisimama mbele ya kiti, akanyoosha mkono wenye vidonge.

"Nimempata mhalifu," akasema. "Hakutoroka. Amelala hapo."

Mzee akafumba macho. Daktari akasoma jina la dawa, na mabega yake yakashuka.

"Hii ni ya kufanya damu isigande, na mboga za majani zikizidi huipunguza nguvu. Hupewa mtu ambaye moyo wake unadunda ovyo, asije akapata kiharusi." Akaitoa ile shashi. "Tangu lini, mzee?"

"Tangu mwaka jana."

"Si dawa ya kuacha hii, ni dawa ya kusema. Ningekupima damu kwanza. Ningeng'oa jino moja tu, nikalishona papo hapo. Daktari wako wa meno anajua?"

"Alitaka barua ya daktari wa moyo. Ndiyo maana nikaja kwa asiyenijua."

"Kwa nini, Baba?" Afande akauliza.

Mzee akamgeukia. "Ulimuuguza mama yako ukaacha kozi. Mchumba akakungoja, akachoka, akaoa mwingine. Sasa wamekuita ukawe mkubwa. Ukijua habari za moyo wangu, utabaki kunichemshia uji. Nikasema ning'oe meno, uniache nina kinywa kizima, uende zako kwa amani. Halafu jana daktari ananiuliza maradhi yangu, na wewe umeketi pale unanikodolea macho. Ningesemaje, mwanangu?"

"Hapo kosa ni langu pia," daktari akamwambia Afande polepole. "Mzazi haulizwi maradhi mbele ya mtoto wake. Ningekutoa nje kwanza."

"Mficha maradhi..." Afande akaanza, akashindwa kuimaliza, maana kila mtu anajua methali ile inaishia wapi. Akalia waziwazi, na baba yake, kwa mkono usiotetemeka, akampangusa kwa pembe ya taulo.

Kwa kuwa sasa alijua anachopambana nacho, daktari alichukua damu ya kupima, akatia dawa kwenye mapengo, akampigia simu daktari wa moyo wa kwao. Kabla ya saa nne damu ilikuwa imekoma.

"Hamsafiri mpaka niseme," akawaambia. "Na kabla sijagusa tena kinywa hiki, nataka kila kitu. Maradhi yote, dawa zote."

Afande akainuka. "Nitangoja nje."

Mzee akamshika mkono wa shati. "Utaenda huko kituoni?"

"Mjibu daktari kwanza."

"Wewe kwanza."

Daktari akajifanya anatafuta kalamu. Afande alimtazama mzee wake mkaidi, mashavu yamevimba kama ya mtoto, akaona kwamba anampenda kupita alivyowahi kumwambia.

"Nitaenda," akasema. "Lakini nitapiga simu kila siku, nawe hutanidanganya tena."

Mzee akaufikiria mkataba huo. "Haya. Basi usitoke, kaa." Akamgeukia daktari. "Moyo umekwisha ujua. Sasa andika sukari."

Afande akaketi, akamshika baba yake mkono.