Doa la Chai

"Mwiba, kuku katoka bandani. Mrudishe."

Redio ikakatika. Mwiba alikanyaga mafuta. Mbele yake Prado nyeusi ilikata kona kuingia eneo la viwanda. Ndani mlikuwa na bamba la betri dogo kama kiganja, na wageni walioliiba ili wakaliuze kwa watengeneza makombora.

Lilikuwa moja tu duniani. Dada yake Mwiba wa tumbo moja, mkemia, alilimwagia chai ya maziwa kwa bahati mbaya, akalisahau juu ya hita ya maabara. Lilibaki na doa la kahawia, na betri yake, iliyozoea kuchajiwa usiku kucha, ikajaa kabla hajamaliza kufuta meza. Tangu hapo aliyamwagia mabamba mengine chai za kila aina.

Wapi.

"Doa ndilo lenyewe, mdogo wangu," alimlilia kwenye simu. "Nirudishie hilo tu, nilichunguze."

Prado iliposimama kwenye ghala, Mwiba aliingia na bastola yake ya Glock mkononi. Haraka haraka haina baraka. Chuma kilimpata kisogoni.

Alizinduka amefungwa kitini. Jasusi mzima, kafungwa kama mzigo wa kuni. Saa yake yenye kisu ilikuwa mezani. Mtaalamu wa wageni, mzee mwenye glavu nyeupe, aliligeuza bamba, akakunja uso.

"Wamelichafua. Mnunuzi hapokei mali chafu."

Akachovya pamba kwenye spiriti.

Mwiba alifungua kinywa.

Akisema, wageni wanaondoka na silaha. Akinyamaza, jasho lote la dada yake linakwenda na pamba. Alitamani mtu mwingine amwamulie. Hakukuwa na mtu.

Akafumba kinywa.

Pamba ilipita. Ikarudi kahawia.

Walipolipima, mshale wa mita haukutikisika.

"Tumeiba mbuzi kwenye gunia," mzee alinong'ona.

Ving'ora vikalia nje. Kifaa kilichofichwa kisiginoni mwa kiatu cha Mwiba, ambacho alidhani kimekufa, kilikuwa kimewaleta polisi. Wageni walikamatwa mlangoni. Mwiba alifunguliwa kamba, akilitazama lile bamba safi. Angejua wako njiani, angepiga kelele.

"Mwiba, hali?"

"Kuku yuko bandani, Mkuu."

Alivaa miwani ya jua, akatia bamba mfukoni, akatoka taratibu. Polisi wakampisha kwa heshima. Simu ikaita.

"Umelipata?" Dada.

"Nimelipata."

"Ahsante Mungu. Livingirishe kwenye kitambaa laini, mdogo wangu. Doa lisije likakwaruzika."

Mwiba hakupunguza mwendo.

"Sawa, dada," alisema.