Mikoko ya Chumbi

"Korongo, mzigo umeondoka Ikwiriri. Nusu saa."

"Nimesikia."

Hafsa, mpelelezi wa maliasili aliyeitwa Korongo redioni, aliweka Motorola chini. Vidole vikarudi kwenye laptop yake ya ThinkPad.

Mwaka mzima lori lile lilipita kizuizi cha Kibiti, boriti za mikoko juu, meno ya tembo chini. Kila simu ya ukaguzi ilipoiuliza seva ya Dar kuhusu kibali, mtu huko huko Dar aliliona swali, akaingiza kibali bandia papo hapo. Aliyewekwa rumande kwa kulipitisha ni Muhidini, mkaguzi asiye na kosa. Kesho anahukumiwa.

Basi leo swali halifiki Dar.

Ndani ya laptop Hafsa alijenga seva ya kuigiza: maswali yale yale, majibu aliyoyatunga mwenyewe. Akaiunganisha simu ya ukaguzi na Wi-Fi yake. Akajaribu namba ya uongo.

KIBALI HALALI.

Safi.

Lori likafunga breki. Saidy, mwenye mzigo, akashuka na Ray-Ban usoni. Hafsa akaskani karatasi yake.

"Boriti zimekatwa wapi, kaka?"

Saidy alichungulia kioo cha simu ya ukaguzi. "Si imeandikwa, dada? Chumbi." Akabonyeza dole gumba kiooni kukiri kwamba ni kweli. "Fungua njia."

"Mikoko imeota lini Chumbi? Katikati ya mpunga, mbali na bahari?"

Polisi wawili wa kizuizini wakacheka. Saidy hakucheka.

"Mshamba wewe. Ngoja uongee na wakubwa." Akapiga simu, akaweka spika. "Mkuu, kibali ulichoingiza mbona kinaandika Chumbi?"

"Mimi? Sijaingiza kitu leo! Ondoka hapo, mpumbavu!"

Hafsa aliijua sauti ile. Abdulrazaq. Bosi wake, aliyemkataza kukanyaga Kibiti.

Mkono wa Saidy ulishuka kiunoni, kwenye bastola.

Glock ya Hafsa ilikuwa imeshafika usoni pake.

"Thubutu."

Hakuthubutu. Polisi wakamtia pingu, wakavuta boriti tatu. Jino la tembo likachomoza, jeupe.

Hafsa akaichukua simu ya Saidy. "Nimekurekodi, bosi."

Sauti ya Abdulrazaq ikalainika.

"Hafsa, mwanangu. Umeigiza mtambo wa serikali bila idhini. Hilo ni kosa kubwa. Niombe radhi, tuyamalize kiofisi."

"Muhidini anatoka kesho. Nafasi yake unaichukua wewe."

"Nimesema omba radhi!"

Hafsa akafunga ThinkPad, akaitia kwenye begi, akaiendea pikipiki yake taratibu, simu ikiwa bado sikioni.

"Siombi."