Maparachichi Kwenye Gunia la Mahindi

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, tena kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu nikimwachia dada yangu Mitchel asimulie, atasimulia kwa mikono na miguu, na mtacheka mpaka mkose kusikia sehemu ya maana.

Nyumbani kwetu, karibu na soko la Lubao, kazi ya kwanza ya asubuhi ni kufagia majani ya mparachichi ulio kando ya jikoni. Vitabuni tunda lake ni parachichi. Sisi twasema avokado. Mimi hufagia, Mitchel huchota maji, Mama hukamua ng'ombe, naye Kukhu huketi mlangoni akitukosoa sote watatu. Kukhu ndiye nyanya yetu, mamake Baba.

Lakini wiki hiyo Kukhu hakumkosoa mtu. Alikuwa ameng'olewa meno yake ya mwisho hospitalini mjini Kakamega, na shavu lilikuwa limevimba. Obusuma, yaani sima, hangeweza kutafuna. Uji aliuita maji ya kuoshea sufuria. Daktari alikuwa ameonya kwamba dawa zake zisimezwe tumbo likiwa tupu, kwa hiyo vidonge vilibaki kwenye pakiti yake, na Kukhu akazidi kunywea kila siku.

"Sasa utakula nini, Mama?" Mama alimwuliza kwa upole.

"Avokado," Kukhu akajibu, mkono shavuni. "Hiyo haihitaji meno. Inajiteremkia yenyewe."

Mtini yalikuwepo mengi, lakini yote magumu kama mawe. Parachichi halilainiki likiwa mtini. Hukomaa tu kule juu, kisha huiva baada ya kuchumwa. Nikapanda na upembo, fimbo yetu yenye ndoana ya kuvutia matawi. Kukhu, mgonjwa vile vile, akanielekeza kutoka mlangoni.

"Acha hayo yanayong'aa! Hayo bado ni watoto. Chuma yale ambayo ngozi imefifia. Na kikonyo ukiache. Ukilivua tunda kofia yake, uozo unaingilia hapo hapo."

Nikachuma. Matatu makubwa, yaliyokomaa vizuri, nikajiwekea mimi. Mitchel nikamwachia yale yenye mng'ao kidogo. Nilitaka Kukhu ale la kwanza kutoka mkononi mwangu, na nilitaka Mitchel ashuhudie.

Mitchel hakulalamika. Aliyapanga kwenye kikapu, akaweka ndizi mbivu katikati, akafunika kwa leso.

"Ndizi za nini?" nikamwuliza.

"Ndizi mbivu huyaivisha haraka."

"Kwani ndizi ni mpishi? Na moto utawasha saa ngapi?"

"Cheka tu, Andati. Yako utayaivisha kwa mdomo?"

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Kukhu alizoea kutuambia kwamba enzi zake waliyafukia maparachichi ndani ya mahindi ghalani, na yalitoka laini kama siagi. Sisi hatuna ghala siku hizi, lakini tulikuwa na magunia ya mahindi stoo. Mama alikuwa ametuambia, "Gunia lililo karibu na dirisha msiliguse." Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Nilidhani anaogopa tutaiba mahindi ya kukaanga.

Kwangu mimi hilo gunia ndilo lililokuwa maficho bora kuliko yote. Nyumba yetu ina ugonjwa mmoja: kila apitaye karibu na parachichi hulibonyeza kwa kidole gumba, ati anapima. Baba abonyeze, Mitchel abonyeze, hata mgeni aliyekuja kuuliza njia abonyeze. Likikatwa, ndani limejaa madoa meusi. Ndani ya gunia hakuna gumba la mtu ambalo lingeyafikia yangu.

Kila jioni nilipotoka shuleni nilinyemelea stoo, nikatumbukiza mkono mpaka begani. Mahindi yale yalikuwa na unga unga mweupe. Nikasema ni vumbi tu.

Kisha nilikwenda kuketi kando ya kitanda cha Kukhu. Alipenda kunishika sikio, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vyepesi sana.

"Avokado yangu imefika wapi?"

"Iko njiani, Kukhu."

"Inakuja kwa miguu?"

Alijaribu kucheka, akashika shavu. Nikatoka nje haraka, maana machozi yalikuwa karibu, na mimi ni mtu wa kuchekesha, si wa kuliza.

Hatimaye nikaingiza mkono nikakuta moja limelainika. Nilikimbia nalo jikoni, nikalikata, nikalipondaponda kwenye bakuli na chumvi kidogo. Rangi yake ya kijani na manjano ilipendeza kweli. Sikuona doa hata moja! Mitchel aliponiona nikipita na bakuli alinyamaza, na kunyamaza kwa Mitchel ni kombe la dunia.

Kukhu aliinuka, akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kuinuka bila kushikwa. Akapokea kijiko, akanusa, akafumba macho.

Mama akaingia kutoka shambani. Akanitazama mkono wa shati.

"Andati, huo unga mweupe umetoka wapi?"

Kumbe shati lilikuwa jeupe mpaka begani! Nikikiri nimeingia kwenye gunia, sherehe yangu imekwisha. "Ni unga wa sima, Mama," nikasema. "Nilikuwa nachota."

"Afadhali," Mama akashusha pumzi. "Nimeshtuka. Nilidhani umeingia kwenye lile gunia. Baba yako alilitia dawa ya kuua dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi. Ile sumu si ya kuchezea."

Kukhu alikuwa amejaza kijiko. Kijiko kilipanda. Mdomo wake ulifunguka.

"Kukhu, usile!"

Nikaupiga mkono wake. Kijiko kikaruka, bakuli likapinduka juu ya blanketi. Mkono wa Kukhu niliupiga mimi, mkono ule ule ulionilea.

"Si unga wa sima," nikasema. "Nimedanganya. Yalikuwa ndani ya gunia la dirishani. Yote."

Mama hakunichapa. Hakuwa na muda. Alikagua midomo ya Kukhu, akaosha mikono yake kwa sabuni, akalitoa blanketi lile. Akanivua shati palepale, akanisugua kwa maji na sabuni mpaka ngozi ikawaka. Alichimba shimo mbali na kuku, tukazika maparachichi yote matatu, lile bakuli la plastiki likafuata.

Ndipo akachutama mbele yangu.

"Andati, hayo mahindi sisi wenyewe hatuyali mpaka muda ulioandikwa kwenye pakiti ya dawa upite, kisha tuyapepete na kuyaosha. Mimi nilikosea kwa kutowaambia sababu. Hilo ni langu. Wewe kutojua ni jambo dogo. Lakini 'unga wa sima' hukuusema kwa kutojua."

Nikafuta povu la sabuni lililobaki sikioni.

"Uwongo wako ulikaa mdomoni kwa muda wa kijiko kimoja tu," Mama akaendelea, "na ulitosha kutuzikisha mtu. Ulipousema ukweli, ulimwokoa. Basi kumbuka yote mawili, usichague moja."

Nilirudi kwa Kukhu kuomba msamaha. Nilifika mlangoni nikashindwa kuingia. Yeye ndiye aliyeniita.

"Njoo hapa, bondia."

Nikaenda. Akanishika sikio, taratibu kama kawaida.

"Leta huo uji wenu."

"Lakini Kukhu, wewe uji huupendi."

"Nimesema naupenda? Nimesema ulete. Wewe ukilia na mimi nikifunga, nani atafagia huu ua?"

Alikunywa bakuli zima, huku ameziba pua, akameza na vidonge vyake. Aliunywa kesho yake pia, na keshokutwa. Mimi ndiye niliyempelekea kila mara, na kila mara aliniuliza mbele ya watu kama nimeosha mikono.

Siku chache baadaye kikapu cha Mitchel kilianza kunukia. Hakubonyeza kwa gumba. Aliliweka parachichi kwenye kiganja, akalikumbatia kwa vidole vyote polepole, akalikata. Nusu moja akampondea Kukhu. Nusu nyingine akaiachia kokwa yake, akaikamulia ndimu isiwe nyeusi, akaifunika na kuiweka kando ya mtungi wa maji, mahali penye ubaridi.

Kukhu alikula. Alikula kimya, macho ameyafumba, na shavu lililokuwa limevimba likawa linatembea vizuri. Sote tulisimama tukimtazama kana kwamba hatujawahi kuona mtu akila.

"Haya," Mitchel akaninong'oneza, "ndizi imepika au haikupika?"

Hapo mimi, badala ya kushukuru na kufunga mdomo, nikaanza ubishi. Kushindwa ni dawa chungu.

"Imepika, sawa. Lakini bado nasema, avokado ina ganda. Dawa ilikuwa kwenye ganda, na ganda si tunatupa?"

"Kisu kilipita wapi kuingia ndani?" Mama akauliza. "Na vidole vyako vilivyoshika ganda, ndivyo vilivyoshika nyama yake."

"Labda haikufika."

"Labda?"

"Nasema tu, Mama. Labda hata isingemdhuru."

Kukhu akakilamba kijiko, akakilaza ndani ya bakuli, akanitazama.

"Andati, mtu unayempenda halishwi labda. Hiyo labda yako kaa nayo. Mimi niongeze avokado."